Bibi Nesi Anajibu: Mtoto Anaanza Lini Kuchezea Midoli?

Barua za safari hii zimekuja kama zimeambiana njiani. Karibu zote zinahusu watoto wa chini ya mwaka mmoja na midoli: huyu haitaki, yule anaitupa, mwingine hana hata mmoja. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni nesi mkunga mstaafu, makazi yangu ni Mbeya mjini, na kliniki za mama na mtoto nimezifanyia kazi kuanzia Tukuyu hadi Njombe. Siku hizi nalea wajukuu, na wao ndio walimu wangu wa sasa.

Anatazama vidole vyake tu

*Bibi Nesi, shikamoo. Mwanangu ana miezi mitatu na nusu. Mjomba wake alimletea mfuko mzima wa midoli kutoka Dar es Salaam: gari linalopiga muziki, dubu, na simu ya plastiki inayowaka taa. Nikimwekea mbele anaangalia kidogo halafu anageuza uso. Kazi yake kutazama vidole na kunyonya ngumi. Mama mkwe anasema ni njaa, nimwanzishie uji. Shoga yangu anasema huenda macho yana shida. Sina amani. Mama wa kwanza, Uyole.*

Marahaba, mwanangu. Uji kwanza uweke kando. Mpaka afikishe miezi sita chakula chake ni maziwa yako basi, na mama mkwe umwambie kwa adabu kwamba Bibi Nesi ndiye aliyesema. Kama anaongezeka uzito vizuri kwenye kadi ya kliniki, ngumi mdomoni si njaa.

Mtoto wako anacheza. Mdoli wake wa kwanza ni mkono wake, na huo hautoki Kariakoo.

Mtoto anapozaliwa anaona vizuri vitu vilivyo karibu tu, kama sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake. Pima mwenyewe ukiwa unamnyonyesha: ndiyo nafasi iliyopo kati ya macho yake na uso wako. Kwa hiyo majuma ya mwanzo kitu anachokitazama kwa hamu kuliko vyote ni uso, na baada ya uso ni michoro mikubwa yenye rangi zinazopingana, kama pindo la khanga. Mkono nao siku hizo haumtii. Ukimwekea kidole kiganjani atakibana kwa nguvu mpaka wageni washangae, lakini hajaamua kukibana. Mwili unajifungia wenyewe. Nguvu hiyo hupungua polepole katika miezi ya mwanzo, na kuanzia mwezi wa pili au wa tatu utaona ngumi zinafunguka. Hapo ndipo anapougundua mkono wake. Anauinua, anaugeuza, anaupeleka mdomoni, anautoa kuutazama tena. Anajifunza kwamba kile anachokiona na kile anachokihisi ni kitu kimoja, na kwamba kinakwenda anakotaka yeye. Asipopita hapo, gari la muziki halimsaidii chochote.

Sasa litazame hilo gari kwa macho yake. Limekaa mbali kidogo, halishikiki kwa kiganja chake, linapiga kelele lenyewe bila yeye kulifanya lolote. Acha ageuze uso! Hata mimi ningegeuza.

Fanya hivi. Mlaze chali kwenye mkeka akiwa ameshiba na amekauka. Chukua bangili kubwa ya plastiki, au kikombe chepesi chenye mkono, kishike juu ya kifua chake, karibu tu kama nilivyosema, halafu ngoja. Kina mama wengi wanashindwa kwenye kungoja. Wanatikisa, wanaimba, wanakisukumia kiganjani, mtoto anachoka kabla hajaanza. Mjukuu wangu wa mwisho alipokuwa na umri wa huyu wako nilimshikia kikombe chekundu. Kwanza miguu iliacha kupiga. Pumzi ikaenda haraka haraka, mdomo ukafunguka kama yeye ndiye aliyetaka kukishika kwa mdomo. Mikono yote miwili ikapanda, ikapita pembeni, ikarudi, ngumi moja ikakigonga kikombe kwa nje kikayumba. Akashtuka. Akatulia, akakitazama kinavyoyumba, kisha akapiga tena. Ile ya pili haikuwa bahati mbaya. Kwenye mwezi wa nne au wa tano mkono huanza kwenda moja kwa moja na kushika kwa kiganja kizima, na kila kinachoshikwa kinaishia mdomoni, kwa sababu midomo na ulimi vinamweleza zaidi kuliko vidole kwa sasa.

Kuhusu macho: je, anaufuata uso wako ukisogea kulia na kushoto? Anakutabasamia ukimsemesha? Kama ni ndiyo, lala usingizi. Ikiwa haufuati kabisa, au ukiona mboni ina weupe unaong'aa, hasa kwenye picha ya simu, hiyo haingoji tarehe ya kliniki. Nenda hospitali.

Na midoli ya mjomba msiitupe, ila geuza gari na simu uangalie mahali pa betri. Pawe pamefungwa kwa skrubu. Zile betri ndogo za mviringo kama kishikizo, mtoto akimeza moja inaweza kuanza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Ukihisi tu kwamba amemeza, mbio hospitali, usingoje atapike.

Baridi ya Makete

*Kamwene Bibi. Mwezi wa saba huku kwetu unaujua. Mwanangu ana miezi mitano, namvalisha sweta mbili na soksi za mikono, halafu namfunga blanketi. Njuga nikimpa haishiki, inateleza. Wa jirani mwenye umri huohuo anashika kila kitu. Je, wangu amechelewa? Mama Makete.*

Kamwene, mama. Naujua mwezi huo, nimeona majani ya Kitulo yamekuwa meupe kwa barafu asubuhi.

Vua zile soksi za mikono, kisha uniandikie tena baada ya wiki mbili. Kabla hujaniambia mtoto hashiki, hebu wewe vaa soksi mikononi ujaribu kumenya viazi. Mtoto wa miezi mitano anasoma dunia kwa kiganja na mdomo, na vyote viwili umemfungia sufi. Wengi huvalishwa soksi hizo akiwa mchanga ili asijikune usoni, halafu zinasahaulika. Dawa ya kujikuna ni kukata kucha akiwa amelala.

Vidole vya mtoto kuwa vya baridi kidogo si ushahidi kwamba anaumwa baridi. Ingiza mkono wako nyuma ya shingo yake au kifuani; hapo pakiwa na joto, mtoto ana joto. Kofia, soksi za miguu na sweta ziache. Blanketi la kumfunga mikono ndani nalo limepitwa na wakati wake: umri huu anataka kugeuka, na aliyefungwa akijigeuza kifudifudi hawezi kujinasua. Jua likishapanda, saa nne hivi, toa mkeka nje mahali pasipo na upepo, mpe mwiko mdogo uliooshwa, uone.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza. Usiku wa baridi kuna nyumba zinaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa usingizini, mtoto na wazazi. Jiko libaki nje.

Mtoto wa mgongoni

*Mimi nachuma chai Rungwe. Mwanangu ana miezi saba, toka asubuhi yuko mgongoni. Mhudumu wa afya wa kijiji alisema mtoto anahitaji vitu vya kuchezea ili akili ikue. Bibi, hela ya midoli sina, na muda wenyewe ndio huo. Nifanyeje?*

Kwanza nikupe pole na kazi, na nikutoe hofu. Mgongo wa mama si adhabu. Huko juu anaona unachokiona, anasikia mnavyotaniana na wenzako, anahisi unavyoinama na kuinuka. Wako watoto wamejazwa midoli chumbani na hawaongeleshwi na mtu kutwa nzima; hao wananipa wasiwasi kuliko wako.

Ila ana haja ya kushuka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na walioandika hawakusahau mgongo: mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kiti, kwenye kigari au mgongoni kwa mlezi. Asiyetambaa bado anatakiwa alale kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, na si lazima ziwe za mara moja. Dakika tano hapa, kumi pale, ukimtazama. Kwa hiyo mnapokwenda kupima majani, mnapokula, mnapongoja gari, tandika khanga kivulini umshushe. Mwombe mwenzako akae naye zamu. Mkitoka shamba lililopigwa dawa, nawa mikono kwanza, na lile koti la kazi asilinyonye.

Vya kuchezea unavyo nyumbani. Mafunzo ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani kuhusu malezi ya watoto wadogo yanatumia vikombe, vijiko, vyungu na vikopo. Chupa ya maji ya nusu lita, tia punje chache za mahindi makavu, paka gundi kwenye mfuniko na ukaze usifunguke: hayo ni manyanga. Kila asubuhi ujaribu kuufungua. Ukilegea, tupa chupa, maana punje ya mahindi au harage likiingia njia ya hewa ni balaa. Kopo la dawa ya shamba, hata lioshwe mara ngapi, si la mtoto.

Miezi saba ndio umri wa mkono mmoja kumpa mwenzake. Mpe kijiko mkono wa kulia. Atakipeleka kushoto, atakirudisha. Ukimwongezea cha pili, wengine hukiacha cha kwanza kianguke kwa sababu bado hawajui kushika viwili. Siku akishika vyote na kuvigonganisha utamsikia mpaka nyumba ya tatu.

Na umsaidie kukaa kitako, maana akikaa mikono inakuwa huru. Wakipsigis wa Kenya, ambao nao ni watu wa milima na chai kama ninyi, walikuwa na desturi ya kuchimba kishimo kidogo, wakamkalisha mtoto humo na matandiko pembeni asianguke. Mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, aliishi nao miaka ya 1970 akapima: watoto wao walikaa na kutembea mapema kwa kama mwezi mmoja kuliko wa Marekani. Lakini kwa kutambaa hawakuwatangulia, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyewafundisha kutambaa. Wewe huna haja ya kuchimba shamba la watu. Beseni pana lenye kitenge kilichokunjwa pembeni linatosha, na wewe uwe karibu.

Mtupaji wa Vwawa

*Bibi Nesi, binti yetu ana miezi kumi. Ukimpa kijiko anakitupa, anakutazama, anacheka. Ukiokota, anatupa tena. Mgongo unaniuma. Baba yake anasema ni kiburi, tumchape mkono kidogo angali mdogo. Mama na Baba, Vwawa.*

Baba, mkono wako uuweke mfukoni. Kiburi kinataka mtu ajue wewe unataka nini na aamue kukupinga, na huyo hesabu hizo hajafika. Yeye ana mambo mawili mapya mkononi na kichwani, na yote mawili yamekutana kwenye kijiko chako.

La mkononi ni kuachia. Tangu azaliwe amekuwa akijua kushika. Kuachia kwa hiari ni ufundi mwingine kabisa, nao huja kwenye mwezi wa kumi kuelekea mwaka. Kabla ya hapo kitu kilimponyoka tu. Sasa anafungua vidole kwa makusudi, na kama mtu yeyote aliyepata ufundi mpya, anaurudia mpaka uingie. Umri huohuo ndio anaanza kuokota vitu vidogo kwa gumba na kidole cha shahada, kwa hiyo fagia sakafu kama unamngoja mkaguzi.

La kichwani ndilo linalonifurahisha zaidi. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kuanzia 1896 hadi 1980, aliwachunguza watoto wake mwenyewe watatu tangu wakiwa wachanga. Aliona kwamba ukikifunika kwa kitambaa kitu ambacho mtoto mdogo anakitaka, hakitafuti. Ni kama kimefutika duniani. Kwenye mwezi wa nane hivi anaanza kukivuta kitambaa. Watafiti waliomfuata wamepima macho badala ya mikono, wakakuta watoto wadogo zaidi ya hapo wanakodoa kwa muda mrefu kitu kikipotea kwa namna isiyowezekana. Kwa hiyo huenda wanajua mapema kuliko mikono yao inavyoweza kuonyesha. Vyovyote iwavyo, binti yenu amefika mahali ambapo kijiko kikitoka machoni bado kipo. Anakitupa, anakisikia kikigonga, anainama kukitafuta, halafu anakutazama wewe, kwa sababu amegundua pia kwamba kijiko kikianguka mama huinama. Hapo anajifunza mambo matatu kwa kijiko kimoja, ninyi mnataka kumchapa.

Jaribuni hili jioni moja, na baba awepo. Bakuli mbili za plastiki, zipinduliwe mbele yake. Mfichie kitu anachokipenda chini ya bakuli la kulia, akione kinavyoingia, akitoe. Rudia mara tatu nne palepale kulia. Kisha, akitazama vilevile, kifiche chini ya la kushoto. Watoto wengi wa miezi minane hadi kumi na miwili watakwenda kulia tena! Wamekiona kikiingia kushoto, mkono unakwenda kulikozoeleka. Baba atacheka, na akicheka naye hasira ya kijiko itakuwa imeisha.

Kuhusu mgongo wako mama, mkalishe chini mkekani badala ya mapajani mwako mezani, kijiko hakitakwenda mbali. Mpe kikapu chenye vitu vinavyoanguka tofauti: mfuniko wa sufuria, kitambaa, chupa tupu, kiatu cha ndara kilichooshwa. Kitambaa kisipotoa mlio utamwona anavyokunja uso. Wakati wa kula, ukichoka, ondoa sahani bila maneno. Msimfungie vitu kwa kamba ndefu ili visianguke mbali, kamba huzunguka shingo.

Seremala wa Mafinga

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi seremala, mtoto wangu ana miezi sita. Vipande vya mbao hapa Mafinga ni vya kumwaga. Nataka nimtengenezee midoli mwenyewe, na ikipendeza niuze. Nianze na nini? Watu wananiulizia pia woka.*

Marahaba fundi. Barua hii nimeipenda, na nitakujibu kama mteja mkorofi.

Mbao. Chukua zile zisizotiwa dawa. Msindano wenye rangi ya kijani kijani, uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa, mara nyingi dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki, na mtoto wako atautafuna. Nguzo za umeme hata vumbi lake usilikaribishe. Msindano mkavu usio na dawa unafaa, ila uchague pasipo na utomvu na pasipo na jicho la mti, maana jicho likikauka linachomoka na kuwa kokwa la kumkaba. Mpingo na miti mingine migumu ni mizuri lakini mizito. Kumbuka mwenye mdoli amelala chali na ataudondosha usoni kwake.

Msasa, fundi, msasa. Upitishe ulimi wako mwenyewe, sifanyi utani. Kibanzi ambacho kidole chako cha seremala hakikisikii, mdomo wa mtoto utakisikia. Kona zote zizungushwe. Misumari hapana, hata ile midogo. Tumia vigingi vya mbao na uvikaze kabisa. Rangi uiache. Rangi za kopo nyingine zina madini ya risasi, yanayoharibu ubongo wa mtoto, na mbao tupu ina harufu nzuri kuliko rangi yoyote.

Ukubwa. Chukua lile bomba la karatasi lililomo ndani ya toileti pepa. Kitu kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Pima kila kipande, pamoja na vile vitakavyopatikana mdoli ukivunjika. Uvunje mmoja kwa makusudi uone unavunjikaje.

Kwa huyu wa miezi sita anza na pete: duara la mbao lenye unene wa kidole chako cha kati, upana wa kuenea kwenye mikono yake miwili. Basi. Litashikika, litatafunika meno yakianza kuota, litapita mkono huu kwenda ule. Akifika miezi tisa mtengenezee kisanduku kipana kisicho na mfuniko na vipande sita saba vya pembe nne vya sentimita tano hivi. Usitarajie ajenge nyumba. Kwanza atavitoa vyote na kuvimwaga. Kumwaga huja kabla ya kujaza. Kwenye mwaka mmoja ndipo atakaporudisha kimoja ndani, akusubiri umsifu, akirudishe kingine. Kupanga kimoja juu ya kingine, viwili au vitatu, ni mambo ya miezi kumi na mitano hadi kumi na minane. Vipande ni vilevile, umri ndio unabadilisha mchezo, na hilo uwaambie wateja wako: wananunua mara moja, mtoto anatumia miaka mitatu.

Ukitaka kuvipamba, vipange kwenye vikapu vidogo vya milulu kutoka Iringa. Mteja wa mjini atanunua kwa kikapu tu.

Woka, ile ya kumkalisha mtoto katikati akasukuma kwa vidole vya miguu, usitengeneze. Haimfundishi kutembea, wengine inawachelewesha, na inampeleka kasi kwenye jiko na ngazi. Canada walipiga marufuku kuiuza mwaka 2004. Kigari cha kusukuma kwa nyuma, kizito chini kisipinduke, kwa mtoto ambaye tayari anasimama mwenyewe, hicho sawa.

Katuni za bibi

*Mimi ni bibi kama wewe, niko Iringa. Mjukuu wa miezi minane ananyamaza ukimwekea katuni kwenye simu tu. Mwanangu ananigombeza. Kuna ubaya?*

Bibi mwenzangu, mwanao ana haki, na najua haipendezi kusikia. Chini ya mwaka mmoja mwongozo uleule wa 2019 unasema skrini hapana kabisa. Kunyamaza kwake si utulivu; ni taa zinazobadilika ambazo hawezi kuziachia macho. Simu haijibu akiguna, wewe unajibu. Jifunike khanga usoni, sema "Bibi yuko wapi?", ngoja, kisha "Huyooo!" Nakuambia utachoka wewe kabla yake. Ukichoka kweli, mpe sufuria na mwiko ukae upumzike, na kelele uzivumilie. Majirani nao walizaa.

Mkono mmoja tu

*Mwanangu wa miezi tisa, wa kiume, ni hodari wa kuchezea vitu lakini hutumia mkono wa kulia tu. Wa kushoto anaukunja ngumi. Babu yake anafurahi, anasema hatakuwa shoto. Mama, Chunya.*

Mama, hapa sicheki na babu. Mtoto wa miezi tisa hana mkono wa kulia wala wa kushoto. Anashika kwa ule ulio karibu na kitu, leo huu, kesho ule, na upendeleo wa kweli hujitokeza baadaye sana. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mara nyingi ule mwingine una tatizo: misuli, mishipa ya fahamu ya bega iliyovutwa wakati wa kuzaliwa, au jambo lililo kwenye ubongo. Ngumi iliyofungwa muda wote katika umri huu inanitia shaka zaidi.

Jaribu mara moja tu, kwa uhakika. Mkalishe, mshikie mkono wa kulia taratibu, mwonyeshe mdoli upande wa kushoto. Ataupeleka mkono? Vidole vitafunguka? Mguu wa kushoto nao uangalie, kama unakaza au unaburuta anaposogea. Kisha mpeleke kituo cha afya wiki hii, usingoje zamu ya chanjo ya surua. Chukua kadi yake ya kliniki na ueleze mambo haya bila kuulizwa: uzazi ulikuwaje, alilia mara alipozaliwa au alichelewa, alipata degedege au aligeuka manjano macho na ngozi, na mkono uliuona lini kwa mara ya kwanza. Ukiambiwa "atakua tu" bila mkono kuguswa wala kunyooshwa, omba rufaa ya hospitali ya mkoa. Mazoezi ya viungo yakianza katika mwaka huu wa kwanza yanasaidia sana kuliko yakianza akiwa na miaka mitatu. Wakati unangoja, vitu vyake viweke upande wa kushoto, na unapomlisha au kumsemesha, kaa upande huo.